Kivimbe cha Kope Katika Ukanda wa Dhahabu

Kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ya kijiji cha Rwamgasa mkoani Geita, jasho la usoni hushuka kutoka kwenye paji, likapita kwenye nyusi na kuishia kwenye kope. Mwanamke anayeponda mawe hulifuta kwa pindo la kanga huku nyundo ikiwa mkononi. Amekaa chini ya turubai, kiroba cha mawe kutoka duarani, yaani shimo la uchimbaji, kiko pembeni yake, na mkono wa kushoto umeshika kipande cha mpira wa tairi alichozungushia jiwe ili vipande visiruke. Vinaruka hivyo hivyo. Hana miwani, na vumbi jeupe la mashine za kusagia limemkaa usoni kuanzia asubuhi. Akiota kijipu kwenye kope, jirani yake atamwambia ni chokea, kitapasuka chenyewe. Mara nyingi jirani atakuwa amesema kweli.

Makala haya yanahusu zile mara chache ambapo si chokea.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Unene wake haufiki hata milimita 1. Juu ya wembamba huo, kope imebeba tezi za aina kadhaa zilizobanana. Zipo tezi za Meibom, baina ya 20 na 40 katika kila kope, zinazomwaga mafuta juu ya machozi yasikauke upesi. Zipo tezi ndogo za mafuta shinani mwa nywele za kope. Zipo tezi za kawaida za jasho, zile zile zinazopoza mwili mzima, ambazo binadamu anazo baina ya milioni 2 na milioni 4. Na ukingoni kabisa mwa kope zimejipanga tezi za Moll, ambazo ni tezi za jasho za ukoo mmoja na zile za kwapani. Tezi yoyote kati ya hizi inaweza kuziba ikavimba, na tezi yoyote, kwa nadra sana, inaweza kugeuka saratani. Kwa macho matupu hali hizo mbili hufanana kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka.

Ndiyo maana naamini kwamba ugonjwa adimu hujulikana pale tu watu wanapofanya mambo mawili: kinyama kilichokatwa kikapelekwa kwenye hadubini, na mgonjwa akaulizwa anatoka wapi na anafanya kazi gani. Nitafuata historia ya mambo hayo mawili kutoka Ulaya hadi Ziwa Victoria, kwa sababu katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga yote mawili bado yanasuasua.

Vivimbe vya kope vilijulikana zamani sana. Celsus, aliyeandika huko Roma katika karne ya kwanza, alieleza vijipu vya kope na namna ya kuvipasua. Takribani miaka elfu moja baadaye, Ali ibn Isa wa Baghdad, tabibu wa macho aliyeandika kwa Kiarabu, alikusanya magonjwa ya macho zaidi ya 100 katika kitabu kimoja kilichosomwa na matabibu kwa karne nyingi, na magonjwa ya kope aliyapa nafasi yake. Lakini hakuna kati yao aliyeweza kutenganisha uvimbe wa tezi hii na uvimbe wa tezi ile, maana tezi zenyewe zilikuwa hazijaonekana.

Zilionekana moja moja. Heinrich Meibom, Mjerumani, alizieleza tezi zenye jina lake mwaka 1666. Purkinje, mwanasayansi wa Kicheki, alifuatilia mirija ya tezi za jasho ndani ya ngozi mwaka 1833. Miaka miwili baadaye Eduard Zeis wa Dresden alieleza zile tezi za mafuta za shinani mwa nywele za kope. Zeis huyo huyo ndiye aliyetoa mwaka 1838 kitabu kikubwa kuhusu upasuaji wa kuunda upya viungo, na hilo litakuwa na maana mbele ya safari, kwa sababu kope iliyokatwa lazima ijengwe. Mholanzi Jacob Anton Moll alifuata mwaka 1857 na tezi za jasho za ukingo wa kope. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1922 ndipo Schiefferdecker, naye Mjerumani, alipogawa tezi za jasho katika koo mbili tunazozitumia hadi leo.

Wakati wataalamu wa maumbile wakihesabu tezi, matabibu wengine walikuwa wanahesabu wagonjwa. Mwaka 1775 Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya korodani kwa watu waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi tangu utotoni. Alilaumu masizi yaliyoganda kwenye mikunjo ya ngozi. Hakuwa na hadubini ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni swali kuhusu kazi. Mwaka 1827 Arthur Jacob, daktari wa macho wa Dublin, alichapisha maelezo ya kidonda cha ajabu kinachoshambulia kope na sehemu nyingine za uso, kinachokula nyama polepole kwa miaka bila kuvimbisha tezi za limfu. Leo tunajua alikuwa anaelezea saratani ya seli za tabaka la chini la ngozi, ambayo kwa watu weupe wa Ulaya na Marekani ndiyo inayobeba takribani visa 9 kati ya 10 vya saratani ya kope. Kwa watu weusi wa Afrika hali ni tofauti kabisa, na hapo ndipo vitabu vya Ulaya vinapoanza kutupotosha.

Saratani za tezi za jasho zenyewe zilichelewa kupata majina. Mwaka 1952 Lennox na wenzake nchini Uingereza walieleza vivimbe vya ngozi vinavyotoa ute. Mwaka 1971 Mendoza na Helwig, Marekani, walikusanya visa 14 na kuvitenga kama saratani inayojitegemea. Kope ndiyo mahali inapopenda zaidi kuota. Inakua polepole, haiumi, ina rangi ya wekundu au ubuluu, na ngozi iliyoifunika huwa laini. Mgonjwa anaizoea. Ukiikata na kuitazama kwenye hadubini, makundi ya seli yanaelea katika madimbwi ya ute, yametenganishwa kwa kuta nyembamba, kama visiwa vya Rubondo na Maisome vinavyoonekana kwa mtu aliye ndani ya ndege. Ni picha nzuri ya kitu kibaya. Baada ya kukatwa, saratani hii hurudi mahali pale pale kwa wagonjwa wengi, ingawa kusambaa mwilini ni nadra. Mtaalamu wa patholojia akishaiona hana budi kuuliza swali jingine: je, imeanzia hapa kwenye kope, au imetoka kwenye titi au utumbo? Kwa hadubini peke yake zinaweza kufanana, kwa hiyo mgonjwa hupimwa mwili mzima kabla ya kuambiwa lolote.

Mwaka 1997 Flieder na wenzake walieleza ndugu wa saratani hiyo ya ute, yaani saratani ya tezi za jasho yenye tabia za seli zinazotoa homoni, na visa vyao viwili vyote vilikuwa vya kope. Hushika zaidi wanawake wenye umri mkubwa. Aina nyingine, iliyoelezwa mwaka 1975, haifanyi hata uvimbe. Inaifanya kope iwe nene na ngumu, taratibu, mpaka kope zote mbili zinalizunguka jicho kwa ugumu mmoja. Huwapata zaidi wanaume wazee. Wengi wao hutibiwa kwa matone na mafuta ya antibiotiki kwa muda mrefu kwa kudhaniwa wana uvimbe wa kawaida, na wakati huo ugonjwa unaingia ndani ya tundu la jicho. Ziko na nyingine zaidi ya hizo, lakini zote kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya saratani za kope. Daktari wa macho anaweza kustaafu bila kuiona hata moja. Au aione, asiitambue, akaitupa.

Neno hilo nalisema kwa uzito. Fikiria chumba kidogo cha upasuaji katika hospitali ya wilaya. Kope imebinuliwa kwa kibanio chenye pete, daktari amechana kwa ndani, anakwangua kwa kijiko kidogo, kinatoka kitu kizito cha kijivu. Kinafutwa kwenye shashi, shashi inatupwa kwenye ndoo ya taka, mgonjwa anafungwa jicho na kuondoka. Kwa uvimbe wa kwanza wa kijana wa miaka 20 hakuna ubaya. Kwa uvimbe uliorudi mahali pale pale, kwa mtu aliyevuka miaka 50, au kope iliyonyonyoka nywele upande mmoja, au yenye kidonda kisichopona, ile shashi ilikuwa ndiyo jibu.

Afrika Mashariki ilianza kutunza majibu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897 na akawa mwandishi asiyechoka wa kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walizipitia kumbukumbu hizo za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956 na kuonyesha picha ya saratani katika jamii moja ya Kiafrika kwa karibu miaka 60. Kampala ilikuwa tayari na daftari lake la kusajili wagonjwa wa saratani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi. Bila hiyo, hata hivyo, hakuna mtu ambaye angejua kwamba watoto wa ukanda wa ziwa wana saratani ambayo watoto wa Ulaya hawana.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake Denis Burkitt aje kumtazama mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji. Alimwona mtoto wa pili, wa tatu, akachapisha mwaka 1958, kisha akafanya jambo lililomtofautisha na wenzake: akauliza ugonjwa huu unaishia wapi kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipakia gari lililotumika na kusafiri takribani kilometa 16,000, wakipita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali baada ya hospitali na picha za watoto mkononi. Uvimbe huo mara nyingi huanzia tayani au kwenye tundu la jicho na kulisukuma jicho nje. Kutokana na ramani hiyo ulijulikana ukanda wa joto na mvua ambamo ugonjwa unakaa, na Kanda ya Ziwa imo. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa ndani ya seli za uvimbe ule. Muuguzi wa Mwanza anayemwona leo mtoto mwenye jicho lililotoka nje ana mambo mawili ya kufikiria haraka, uvimbe wa Burkitt na saratani ya retina, na hilo analijua kutokana na safari ile.

Kwa watu wazima, Templeton alichapisha mwaka 1967 uchambuzi wa vivimbe vya macho na viungo vya jirani na jicho kutoka Uganda, kisha akahariri kitabu kuhusu vivimbe vya nchi hiyo kwa miaka 1964 hadi 1968. Kisha ukaja Ukimwi. Mwaka 1995 Ateenyi-Agaba wa Kampala alionyesha katika jarida la Lancet kwamba saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho ilikuwa inaambatana na VVU. Ugonjwa uliokuwa wa wazee ukawa wa vijana wa miaka 30. Mwaka uliofuata utafiti mwingine uliuhusisha na miale ya urujuanimno ya jua: kadiri unavyokaribia ikweta, ndivyo ugonjwa unavyoongezeka. Rwamgasa iko takribani nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, katika nyanda za juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyeshinda juani akiponda mawe kwa miaka 15 amelipokea jua hilo lote machoni, na miji ya migodi, yenye vijana wengi wanaohama kutoka rashi moja ya dhahabu, yaani mkurupuko, hadi nyingine, ilipigwa vibaya na VVU.

Kwa hiyo mkazi wa Rwamgasa mwenye kinyama jichoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na saratani hii ya utando kuliko ile ya tezi ya jasho. Nasisitiza hilo ili mtu asije akaacha ugonjwa wa kawaida kwa kukimbizana na ule adimu. Matibabu yake yamesogea mbele hapa hapa kwetu. Stephen Gichuhi wa Nairobi na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililofanyika Kenya: baada ya upasuaji, wagonjwa waliowekewa matone ya fluorourasili walirudiwa na ugonjwa 5 kati ya 47, na waliowekewa matone yasiyo na dawa walirudiwa 17 kati ya 47. Dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake si ya kutisha. Utafiti huo uliwezekana kwa sababu kila kinyama kilichokatwa kilipimwa maabara.

Liko kundi jingine ambalo ukanda huu umelikosea kuliko makundi yote. Mwaka 1985 Luande, Henschke na Mohammed waliandika kuhusu ngozi ya watu wenye ualbino nchini Tanzania, ambako ualbino unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya takribani 1,400, kiwango cha juu sana ukilinganisha na sehemu nyingi za dunia. Walionyesha jinsi jua linavyoanza kuiharibu ngozi hiyo utotoni. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi. Robo tatu walikuwa na saratani ya seli bapa, na kichwa na shingo ndizo zilizoshambuliwa zaidi. Umri wa kati wao ulikuwa takribani miaka 30. Wengi walichelewa kufika kwa kukosa fedha.

Wakati madaktari wakipambana na jua, wengine walikuwa wanawawinda watu hao hao. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa, yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake waliandika kwa kina jinsi biashara hiyo ya damu ilivyofungamana na kamari ya maduara, pale mchimbaji anapomwendea mganga kwa sababu mwamba haumpi kitu. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa Bukombe. Mtu anayejificha ndani kwa kuhofia panga hawezi kwenda kliniki kuonyesha kidonda cha kope. Madhara ya mauaji yale kwa afya ya waliobaki hai hayakuandikwa kwenye hukumu yoyote. Hospitali ya KCMC ya Moshi, kupitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ndiyo iliyozaa mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa nchini kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta hayo, kofia pana na miwani ya jua vimeokoa kope nyingi kuliko kisu chochote.

Sasa turudi ardhini. Wajerumani waliikuta dhahabu ya Geita mwaka 1898. Chini ya Waingereza mgodi ukafunguliwa miaka ya 1930, kisha ukafungwa mwaka 1966. Karibu na Rwamgasa serikali iliendesha mgodi wa Buckreef katika miaka ya 1980. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990, watu walimiminika, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa upya kwa mitambo, wachimbaji wadogo walizidi kubanwa kwenye maeneo kama Rwamgasa na Nyarugusu. Hapo dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga uliosagwa huoshwa kwenye mwalo, zebaki hutiwa na kukandwa kwa mikono mitupu, kisha donge huchomwa motoni hadi zebaki iruke na dhahabu ibaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamgasa ilichaguliwa kuwa moja ya vituo vya mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, pamoja na maeneo ya Brazili, Indonesia, Laos, Sudan na Zimbabwe. Wataalamu wa jiolojia wa Uingereza walipima udongo, maji na samaki. Stephan Bose-O'Reilly na wenzake kutoka Ujerumani waliwapima watu: mkojo, damu, nywele, mitetemeko ya mikono, na wakawalinganisha na watu wa Katoro. Takribani robo ya wachomaji walikutwa na sumu ya zebaki mwilini. Huo ni utafiti wa heshima, na kijiji kidogo cha Geita kimo ndani ya majarida ya sayansi kwa sababu yake. Lakini zebaki hushambulia mishipa ya fahamu na figo. Hakuna ushahidi kwamba zebaki au vumbi la mawe husababisha saratani ya tezi za jasho za kope, na sitaki msomaji aondoke hapa akiamini hivyo.

Arseniki ni habari nyingine. Madini hayo huambatana na miamba ya dhahabu, na uchunguzi wa maji ya ardhini Geita na Mwanza umekuta visima vinavyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Uhusiano wa arseniki na saratani ya ngozi umejulikana tangu karne ya 19, Jonathan Hutchinson alipoueleza kwa wagonjwa waliotibiwa kwa dawa zenye arseniki. Saratani zake hupenda viganja, nyayo na kiwiliwili, sehemu ambazo jua halifiki. Daktari anayemchunguza mgonjwa wa Rwamgasa mwenye kidonda cha kope angefanya vizuri kumwambia pia afunue viganja.

Kukata saratani ya kope kunahitaji kujua ukingo wake unaishia wapi. Aliyelitatua hilo ni Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani, aliyeanza miaka ya 1930 kwa kupaka ngozi dawa ya zinki, kukata tabaka na kulitazama lote kwenye hadubini, kisha kurudia mpaka tabaka liwe safi. Mwaka 1953, akirekodi filamu ya mafunzo kuhusu saratani ya kope, alitaka kuokoa muda, akakata tabaka lililofuata likiwa bichi bila dawa. Ilifaulu, na njia hiyo ya nyama mbichi ndiyo inayotumika hadi leo. Inahitaji maabara jirani na chumba cha upasuaji, jambo ambalo hospitali nyingi za kwetu hazina. Lakini iko njia ya polepole yenye kanuni ile ile: kata, funika jeraha, peleka ukingo maabara, subiri majibu kwa siku kadhaa, na usijenge kope mpaka uambiwe pamebaki pasafi. Kinachotakiwa hapo ni nidhamu na fomalini.

Na kujenga kope nako kuna ukoo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1917 Harold Gillies alimtengenezea kope mpya baharia Walter Yeo, aliyeungua katika vita vya majini vya Jutland. Binamu wa Gillies, Archibald McIndoe, aliendelea na kazi hiyo kwa marubani waliochomwa moto katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 McIndoe, Michael Wood na Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa kuunda viungo, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo ndiyo AMREF. Watu waliojua kujenga kope walikuwa wanaruka juu ya ardhi yetu kabla ya uhuru.

Mgonjwa wa Rwamgasa leo anapanda gari hadi Katoro au Geita mjini, na akipewa rufaa anakwenda Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha Mwanza, yenye wataalamu wa patholojia, wa macho na wa saratani. Zamani alipoteza saa akisubiri kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilometa 3, limeondoa kisingizio hicho. Ikibidi ipo pia Ocean Road ya Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Njia ipo. Kinachokatika ni kile kipande cha mwanzo, pale kwenye zahanati na kliniki ya macho, kati ya kisu na chupa.

Serikali kupitia shirika lake la madini, STAMICO, imejenga Rwamgasa kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu bila zebaki, sawa na vile vya Katente na Itumbi. Ni jambo jema, na mahali watu wanapojifunza kuacha zebaki wanaweza kujifunza pia kuvaa miwani ya kazi na kuonyesha uvimbe uliorudi mara ya pili. Kwa upande wa hospitali gharama ni chupa ndogo yenye fomalini, lebo na fomu. Kwenye fomu hiyo neno “mkulima” halimtoshi mtu anayelima msimu wa mvua na kuponda mawe miezi iliyobaki. Iandikwe kwamba anaponda mawe Rwamgasa, ameanza mwaka gani, anachoma zebaki au hachomi, maji ya kunywa anachota kisima kipi, na kwamba kope hii ilikwisha kukatwa mara moja kabla ya leo.